Tunu ya Nyumba Siku ya Harusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Tanga

Ukurasa huu ni wa mzazi aliye na mitali (mapambo ya mviringo ya miguuni au mikononi) ya bibi yake ndani ya kasha, au kidani, au saa ya marehemu babu, na harusi ya mwanawe iko mlangoni. Tumeanza na neno la kusema, maana hapo ndipo mambo huharibika. Mambo ya sonara, sabuni na kasha yanafuata.

Nimpe, nimwazime, au nimwekeshe amana? Si yote ni kumkabidhi tu?

Si yote. Tunu nyingi zinazogombewa hazikuibwa. Zilipotezwa na neno moja ambalo halikusemwa siku ya kukabidhi. Mama kasema, "Chukua, ni ya bibi yako." Binti kasikia kapewa, shangazi kasikia kaazimwa, mkwe hakusikia kitu. Miaka kumi baadaye wote watatu wanaapa, na wote watatu wanasema kweli.

Njia ni tatu. Ukitoa *hiba*, kitu kinatoka kwako na kuwa mali ya mwanao. Ukitoa *azima*, kinabaki chako. Yeye anakivaa na kukirudisha. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, aliyeazima hulipa kitu kikipotea au kuharibika kwa jambo lisilokuwa matumizi aliyoruhusiwa. Ukiweka *amana*, kinabaki chako vilevile, na yeye anakitunza tu bila kukivaa pasipo idhini. Mwenye amana halipi kikipotea, isipokuwa alizembea.

Chagua moja kabla ya siku, kisha ulitamke kwa jina lake: "Mwanangu, mitali hii miwili nimekupa, ni yako, si azima." Naye ajibu, "Nimepokea, mama." Halafu mitali itoke mkononi mwako iingie mkononi mwake. Hatua hiyo ya mwisho watu huipuuza. Hiba hutimia kwa kupokewa. Mama aliyekuwa akisema kila siku "hiki nitampa Mwanaidi harusini", kisha akafariki kabla ya harusi, hajampa Mwanaidi kitu. Kidani kinaingia kwenye mirathi.

Nikishampa naweza kumnyang'anya?

Kwa Shafi, mzazi anayo haki ya kurejea hiba aliyompa mwanawe maadamu bado iko katika mali ya mtoto. Akishaiuza au kumpa mtu mwingine, mlango umefungwa. Lakini kama unaona huenda ukaitaka tena, toa azima tangu mwanzo, useme ni azima.

Wakati mzuri ni upi: nikaha, siku ya kupambwa, au sendofu?

Popote palipo na kimya. Jukwaani si mahali pake. Muziki unalia, mpiga picha anasema "mama geuka huku", na hakuna hata mmoja atakayeweza kushuhudia ulichosema.

Kwa binti, kabidhi chumbani usiku wa hina, au asubuhi ya kupambwa kabla mpambaji hajaanza kazi. Wawepo somo (mwanamke anayemfunda binti), shangazi mmoja na mtu mzima mwingine wa kushuhudia. Baadaye atoke nje amevaa, na watu wapige vigelegele wanavyotaka. Jambo lenyewe limekwisha. Kwa kijana wa kiume, wakati wa kumvisha kanzu na joho, kabla hamjaondoka kwenda kwenye nikaha, unafaa sana. Familia za Kikristo hufanya vizuri zikikabidhi nyumbani kabla ya sendofu, kisha ukumbini mshereheshaji atangaze tu kilichokwisha kufanyika.

Kosa moja la kuepuka ni kuweka tunu kwenye sinia au begi pamoja na vitu vilivyoletwa na upande wa bwana harusi. Wanaohesabu watahesabu vyote kwa pamoja, na pambo la bibi yako litaorodheshwa kama lao. Usilichanganye na mkaja pia: mkaja unakuja kwako mama, tunu inatoka kwako.

Mimi ni mama wa bwana harusi. Nikimvisha mkwe wangu kidani, kimekuwa mahari?

Hapana. Mahari ni kile kilichotajwa na kukubaliwa. Ukitaka kidani kiwe mahari au sehemu yake, kisemwe kabla ya nikaha na kiandikwe pamoja na uzito wake. Kisipotajwa, ni zawadi au azima kutoka kwako, na hapo unarudi kwenye swali la kwanza.

Kuna njia nyingine ambayo wengi huipita bila kujua. Unampa mwanao wa kiume, naye anamvisha mkewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 61, inachukulia kwamba mali ambayo mwanandoa mmoja amempa mwenzake ndani ya ndoa ni ya aliyepewa moja kwa moja, mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo kama hukukusudia kidani kihamie ukoo mwingine, usikipitishe kwa mwanao bila maelezo.

Wakiachana, kinarudi?

Kifungu cha 58 cha sheria hiyohiyo kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali aliyokuwa nayo mume au mke, isipokuwa wakikubaliana vingine. Mitali aliyopewa binti na mama yake ni ya binti, na haiingii kwenye hesabu ya mali iliyochumwa kwa jasho la wote wawili, ambayo mahakama huigawa chini ya kifungu cha 114. Mke akijivua kwenye ndoa kwa khului, anachorudisha ni kile walichoafikiana na mumewe, kwa kawaida mahari. Pambo la mama yake si la kudaiwa.

Shida ni ushahidi. Mbele ya hakimu au baraza la usuluhishi, "kila mtu anajua ni ya bibi" ni neno jepesi sana.

Na binti akitangulia mbele ya haki?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, lakini linafaa kuulizwa. Kama ulimpa hiba, tunu ni mali yake na inaingia katika mirathi yake. Kwa mirathi ya Kiislamu mume hupata nusu kama marehemu hakuacha mtoto, na robo kama ameacha. Maana yake mkufu wa mama wa bibi yako unaweza kugawiwa nusu nzima kwa mtu aliyekaa ndani ya ndoa miezi minane. Hilo si dhulma, ndiyo sheria ya hiba. Kama ilikuwa azima na ipo hati, inarudi kwako nzima.

Ndiyo maana kwa pambo moja la ukoo, lile lisilo na mfano, tunapendekeza azima kwa maisha ya ndoa, na hiba kwa vitu vingine ambavyo havitauumiza ukoo vikienda.

Nina watoto wanne na mkufu mmoja. Nifanyeje?

Katika Hadithi ya Nu'man bin Bashir, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume alikataa kushuhudia zawadi ya baba aliyempa mtoto mmoja na kuwaacha wengine. Kwa hiyo usawa si adabu ya nyumbani tu. Njia zinazofanya kazi ni hizi.

Unaweza kupima thamani. Sonara akisema mkufu una gramu 24 za karati 22, unajua wengine watatu wanahitaji nini ili walingane: bangili, kiwanja, au fedha taslimu wakati wa harusi zao. Andika mapema nani atapata nini, usingoje harusi ya nne, kwani wa mwisho ndiye anayekuta kasha tupu.

Unaweza kuifanya tunu kuwa ya zamu: kila binti anaivaa siku yake na inarudi kwako kabla ya siku ya saba. Hii inapendeza kwa kekee (bangili pana), mafurungu (mapambo ya miguuni) na vidani vikubwa ambavyo siku hizi havivaliwi tena baada ya harusi.

Au utenganishe jozi. Hapa fikiri mara mbili. Mtali mmoja mmoja kwa mabinti wawili unasikika vizuri, lakini jozi iliyovunjwa hupoteza thamani na haivaliki. Doti ya kanga inastahimili zaidi kugawanywa, kila mmoja kipande chake.

Mama yao amefariki, na dhahabu yake iko kwa shangazi. Je, shangazi amvishe binti siku ya harusi?

Asubiri. Dhahabu ya marehemu si ya shangazi aliyeitunza, wala si ya binti anayeolewa, wala si ya baba peke yake. Ni ya warithi wote mpaka igawiwe. Jambo hili huenda kombo kila msimu wa harusi kwa sababu linafanywa kwa mapenzi: binti yatima anaolewa, nani atathubutu kusema hapana? Miaka mitano baadaye mdogo wake anaolewa, anauliza, "Langu liko wapi?"

Utaratibu si mrefu. Vitu vyote vya marehemu vipimwe na kuorodheshwa. Warithi waliobaleghe na wenye akili timamu wakae pamoja. Wakikubali kwa ridhaa kwamba kidani kiende kwa bibi harusi kama fungu lake, au kama zawadi yao kwake, waandike na kutia saini. Fungu la mtoto mdogo haligusiki. Hakuna mtu mzima mwenye haki ya kuwa mkarimu kwa mali ya mtoto wa miaka tisa. Muda ukibana, binti avae kwa azima ya warithi siku hiyo, na mgawo ufanyike baada ya harusi.

Hati iandikwe vipi?

Ukurasa mmoja unatosha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe linaweza kuwa karatasi ya mistari. Iwe na:

- majina kamili ya mtoaji na mpokeaji, na uhusiano wao;
- maelezo ya kitu: aina, idadi, uzito kwa gramu, karati au chapa, alama za pekee ("mtali wa kushoto una mbonyeo karibu na kufuli");
- neno lenyewe: *nimempa hiba*, *nimemwazima mpaka…*, au *nimemwekesha amana*;
- tarehe na mahali;
- saini au dole gumba la wote wawili, na mashahidi wawili, mmoja kutoka kila upande.

Piga picha tatu: kitu kizima, chapa kwa karibu, na kitu kikiwa juu ya mizani namba zikisomeka. Nakala moja kwako, moja kwa mpokeaji, ya tatu kwa mtu mnayemwamini wote. Kwa kitu cha thamani kubwa, pelekeni hati kwa wakili ili ithibitishwe. Kama unataka tunu itoke baada ya kufa kwako badala ya harusini, hiyo ni habari ya wasia, na RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) huandika na kutunza wasia. Ila Mwislamu akumbuke kwamba hakuna wasia kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie.

Nitajuaje kama ni dhahabu kweli, kabla sijaaibika kwa sonara?

Tazama chapa kwanza: 916 ni karati 22, 875 ni 21, 750 ni 18. Kazi za zamani mara nyingi hazina chapa, na kukosa chapa si dalili ya ubandia. Chapa ikiwapo, nayo si hoja ya mwisho. Kuigonga ni rahisi.

Kwa kitu kizima kisicho na vito wala uwazi ndani, kuna kipimo cha maji. Unahitaji mizani ndogo ya dijitali inayosoma 0.01 ya gramu.

1. Pima bangili ikiwa kavu. Tuseme gramu 20.
2. Weka kikombe chepesi chenye maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri.
3. Ning'iniza bangili kwa uzi mwembamba mpaka izame yote, bila kugusa chini wala ubavuni. Tikisa kidogo mapovu yatoke.
4. Soma namba. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Bangili ya gramu 20 ya karati 22 itasoma karibu 1.13, na jibu litakuwa kati ya 17.5 na 18. Karati 18 huleta 15 hadi 16. Fedha ya mapambo huleta kiasi cha 10.3, na shaba nyeupe kwa njano hazivuki 9. Ikigusa chini, mizani inabeba uzito wa bangili wenyewe na hesabu yote inaharibika. Mafurungu yenye uwazi ndani hayapimiki hivi.

Kidani chetu kina sarafu za zamani. Zina thamani gani?

Usimpe mtu yeyote azing'arishe kabla hujajua ni zipi.

*Reale ya Maria Theresa* ina gramu 28 na fedha ya 833 katika 1,000. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini iliendelea kugongwa kwa tarehe hiyohiyo kwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo "sarafu yetu ina miaka zaidi ya mia mbili" si lazima iwe kweli.

*Rupia ya Mjerumani* ina gramu 11.66 za fedha ya 917. Nyumba nyingi za pwani hii zinazo, nyingine zikiwa zimetobolewa.

*Pauni ya dhahabu ya Mwingereza* ina gramu 7.98 za karati 22, upana milimita 22.

*Rupia 15 za Tabora* ziligongwa mwaka 1916 wakati wa vita, kwa dhahabu ya karati 18, gramu 7.17, zikiwa na tembo na mlima nyuma yake. Ziligongwa kiasi cha 16,000 tu, na bandia ni nyingi kuliko halisi. Ukiwa nayo, usiitoboe, usiiunganishe kwa moto, usiisugue. Fundi aitie kwenye fremu inayoshika ukingo.

Bangili haimwingii. Sonara aikate?

Ipeleke mapema, mwezi mzima kabla. Mwezi wa Shaabani na mfunguo mosi harusi zinafuatana, na kazi ya haraka ndiyo huunguzwa.

Pima nyumbani kabla ya kwenda, na upime tena dukani mbele ya fundi, namba ziandikwe kwenye risiti. Kuongeza ukubwa ni kutia kipande: kipande kiwe cha karati ileile, la sivyo kiraka kitaonekana rangi nyingine kikishachakaa kidogo. Uliza wazi kiungio anachotumia. Kiungio cha risasi au bati ndicho adui mkubwa wa kazi za zamani. Kinayeyuka kwa moto mdogo na ni rahisi, lakini siku fundi mwingine atakapoipasha bangili moto mkali, risasi inapenya ndani ya dhahabu, inakuwa na vishimo na kukatika kama biskuti. Ukiona doa la kijivu kwenye kiungo cha zamani, mwoneshe fundi kabla hajawasha moto.

Lulu, marijani na feruzi havipendi moto kabisa. Vitolewe kwanza, vihesabiwe mbele yako. Tupa, kile chuma cha kusugulia, ikipita, vumbi la dhahabu ni lako. Liombe, au mkubaliane lipunguzwe kwenye ujira.

Mitali na kekee za fedha ngumu usizipinde kwa mkono. Fedha iliyokaa miaka mingi na kupigwapigwa inakuwa kavu, na mara nyingi hupasuka kwenye bawaba. Fundi ailainishe kwa moto kwanza. Kama mkono wa binti hauingii kabisa, afadhali kekee itiwe mnyororo na kuvaliwa shingoni kuliko kukatwa.

Na akikwambia, "Tuyeyushe tu mama, nikutengenezee ya kisasa," mshukuru uondoke. Ukiyeyusha unabaki na gramu zilezile, pungufu kidogo, na unalipa ujira mpya. Kazi ya mkono ya fundi aliyekufa haiyeyuki ikarudi.

Fedha imekuwa nyeusi. Nisafishe na nini?

Weusi ule ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani, na unyevu wa bahari unauharakisha. Tandika karatasi ya aluminiamu ndani ya bakuli, mimina lita moja ya maji ya moto, kijiko kimoja cha chakula cha soda ya kuokea keki na kijiko cha chai cha chumvi. Zamisha pambo likigusa aluminiamu, dakika tatu hadi tano. Utasikia harufu ya yai viza. Ndiyo salfa inahama. Suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa cha pamba, kisha liache juani robo saa ili maji yaliyojificha kwenye minyororo yakauke.

Magadi yale ya kulainishia maharage si soda ya kuokea. Ni makali zaidi. Dawa ya meno inachubua. Ndimu na ukwaju hung'arisha, lakini tindikali ikibaki kwenye matundu hula fedha polepole. Pambo lenye vito, au lenye weusi uliotiwa makusudi kwenye nakshi, lisiingie bakulini. Lifute tu kwa kitambaa kikavu. Weusi wa kwenye nakshi ndio unaoonesha maua. Ukiutoa wote, pambo linaonekana kama kijiko kipya.

Usifunge fedha kwa mpira wa kufungia noti. Unaacha mstari mweusi usiotoka.

Kisutu cha bibi, ile kanga ya harusi, bado kinavalika?

Kijaribu kabla. Lowesha kipande cha pamba nyeupe, kikandamize kwenye pembe nyekundu dakika moja. Kikitoka na rangi, kisutu kisifuliwe, na kisivaliwe juu ya gauni jeupe. Kutia chumvi majini hakufungi rangi, ingawa tumelelewa hivyo. Kisichochuja kiloweke maji ya baridi na sabuni kidogo isiyo na dawa ya kung'arisha, robo saa, bila kukamua. Kianike kivulini kikiwa kimelala.

Kitambaa cha zamani huanza kukatika kwenye mikunjo. Kizungushe kwenye bomba la kadibodi lililovishwa shuka jeupe kuukuu, au kikunjwe upya kila miezi mitatu kwa mistari mingine. Gazeti lisikiguse. Wanga utolewe wote kwa kusuuza, maana mende wanaupenda. Nondo hawana haja na pamba. Wao wanatafuta sufu na hariri, kwa hiyo joho la babu ndilo la kuhofia. Kafuri na vidonge vya nondo viwekwe kwenye kifuko, visigusane na nguo. Vikuba (vifungu vya maua na majani ya kunukia) na asumini vinanukia vizuri lakini vinaacha madoa ya njano. Avae kikuba upande wenye nguo mpya. Chetezo cha udi nacho kikae mbali na kitambaa, cheche moja inatosha.

Nampa kasha lenyewe. Kuna la kuangalia?

Pindua utazame miguu na kitako. Vitundu vidogo vyenye unga mpya chini yake ni bungua walio hai. Vitundu vikavu bila unga ni vya zamani. Dawa ya mbao itiwe kwa sindano kila tundu, kasha lifungwe kwa nailoni wiki mbili, kisha lipunge upepo kabla ya kuwekwa nguo. Misumari ya shaba ifutwe kwa kitambaa, isipakwe ndimu, maana kijani kinachotoka hunywewa na mbao. Huko linakokwenda, liinuliwe sentimita tano kutoka sakafuni na lisiegemezwe ukuta wa nje. Masika yakiisha, lifunguliwe siku kavu toka saa nne asubuhi hadi saa tisa, kivulini.

Pete ya dhahabu ya babu naweza kumpa mwanangu wa kiume?

Umiliki hauna kizuizi. Kinachokatazwa kwa mwanamume Mwislamu ni kuvaa dhahabu. Ampe mkewe au binti yake baadaye, au aitunze. Kama unataka avae kitu cha babu siku ya nikaha, pete ya fedha, bakora au saa inatosha. Saa ya kutia ufunguo iliyolala miaka isizungushwe kwanza; mafuta yake yameganda na meno yatasagika. Fundi aifungue na kuisafisha.

Siku yenyewe, avae lini?

Mwisho wa yote. Singo, mafuta, marashi, poda na dawa ya nywele vitangulie, kisha vito. Hina ikiwa mbichi, bangili zisikaribie. Uji wake ukikauka ndani ya nakshi unatolewa kwa kijiti kwa siku nzima. Kila kufuli litiwe uzi wa ziada wa rangi ya ngozi. Mtu mmoja tu, kwa kawaida somo, ndiye mwenye orodha na kisanduku: anahesabu wakati wa kuvaa na anahesabu wakati wa kuvua. Wakiwa wawili, kila mmoja atadhani mwenzake amehesabu.

Inatolewa zaka?

Pambo la mwanamke la kuvaliwa kwa kiasi cha kawaida halina zaka kwa madhehebu ya Shafi. Dhahabu iliyowekwa kama akiba inayo, ikifika gramu 85 na kupita mwaka. Fedha, gramu 595. Fungu ni asilimia 2.5. Kwa hiba mwenye hesabu hiyo ni binti, kwa azima ni wewe.

Anaolewa Mombasa, au Muscat. Apite nayo vipi?

Abebe mkobani, si kwenye begi la kupakiwa, pamoja na hati na picha, na atamke forodhani. Jambia kinyume chake: haliingii ndani ya ndege na mtu. Vitu vya kale viangaliwe zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda, pamoja na vingine, vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Kuvitoa nchini kunataka kibali. Kama tunu yenu ni mlango wa nyumba ya Pangani, binti apewe picha yake na mlango ubaki ukutani.

Sisi hatuna dhahabu. Ni aibu?

Aibu ya nini? Mrashi wa fedha au wa shaba, chetezo, mbuzi ya kukunia nazi yenye meno mazima, msahafu wa babu, cherehani: vyote vimepelekwa nyumba za ndoa. Cherehani kitiwe mafuta na kijaribiwe siku mbili kabla. Msahafu wenye jalada lililoachia ufungwe kwa utepe wa pamba, usipigwe gundi ya plastiki. Hati iandikwe vilevile.

Amesema anataka kuuza.

Kama ni hiba, ni yake. Unaweza kuandika tangu mwanzo kwamba unamwomba awaulize ndugu zake kwanza. Liandikwe kama ombi, si sharti. Akiuza, sonara atamlipa uzito tu, nakshi haimo kwenye bei. Achukue bei ya masonara wawili siku moja, na ndugu anayeitaka atoe ile ya juu: muuzaji hapungukiwi na pambo halitoki nyumbani. Hati ya kwanza isichanwe. Ya pili iandikwe kwa jina la aliyenunua, na zote mbili zibanwe pamoja.